Sinki kwenye kaunta ya tailizi: usivunje zote, ila hiyo simenti nyeupe achana nayo

Dada mmoja wa Kigamboni kauliza, nafupisha swali lake. Kaunta yake ya jikoni ni ya zege, imeshapigwa tailizi za sentimita 30 kwa 30 na grauti (ile simenti ya kujazia kati ya tailizi) juu, sasa kanunua sinki la stenlesi la 100 kwa 50, bakuli moja na sehemu ya kukaushia vyombo pembeni. Fundi wa kwanza kamwambia tailizi zote lazima zivunjwe zipigwe upya. Wa pili kasema yeye anakata na grenda, anatumbukiza sinki, anazungushia simenti nyeupe, jioni anaosha vyombo. Halafu jirani yake sinki lake linamwaga maji ndani ya kabati, fundi bomba kabadilisha mabomba yote na maji bado yanatoka. Anauliza amsikilize nani.

Dada yangu, kati ya hao wawili hamna wa kumfuata moja kwa moja. Wa kwanza anataka kukuingiza gharama ambayo si lazima, wa pili ndo anakutengenezea tatizo lilelile la jirani yako. Tailizi zako zikiwa zimeshika vizuri zinabaki, tunakata tundu tu. Ila kuziba na simenti nyeupe, hapana, na ntakueleza kwa nini, manake ukielewa hii sehemu moja hata ukiwa umesimama tu pembeni unaweza kumsimamia fundi yeyote.

Watu wengi wakiona maji chini ya sinki wanawaza bomba. Kwenye kaunta ya tailizi maji mara nyingi yanapita juu. Angalia hiyo grauti yako vizuri, pitisha kidole, utasikia iko chini kidogo kuliko uso wa tailizi, kama milimita 1 au 2 hivi, kwa hiyo kila mstari wa grauti ni kamfereji. Sasa ukingo wa sinki ni chuma kimenyooka, kinakalia migongo ya tailizi, na pale kinapovuka mstari wa grauti panabaki katundu chini yake. Sinki la mita 1 kwenye tailizi za 30 linavuka mistari mitatu minne mbele na mingine nyuma, pembeni nako ni hivyohivyo. Unaosha vyombo, maji yanaruka kwenye kaunta, yanaifuata ile mistari yanaingia chini ya ukingo, yanafika kwenye zege lililokatwa, zege linanyonya, mengine yanateremka kabatini. Fundi bomba anakuja anakaza nati zote na hakuna nati yenye kosa. Na grauti yenyewe ya simenti inanyonya maji hata kama haina ufa. Ndo maana jirani yako kabadilisha mabomba yote bure, mwambie afunge maji kabisa, sinki liwe kavu, amwage kikombe cha maji juu ya kaunta nyuma ya ukingo halafu aangalie chini na tochi. Yakishuka, kashapata jibu bila kumlipa mtu.

Kwa hiyo kazi nzima ya kuweka sinki kwenye tailizi ni kuhakikisha hiyo mifereji imekufa pale ukingo unapokaa. Mengine yote yanafuata.

Kabla hujaruhusu grenda iwashwe, gonga tailizi. Chukua mpini wa bisibisi au sarafu, gonga kila tailizi ambayo tundu litaigusa, katikati na kona zote. Ikilia kama debe tupu ujue chini yake kuna hewa, mafundi wetu wengi wanaweka madonge matano ya simenti nyuma ya tailizi halafu wanaikandamiza, katikati ya madonge panabaki wazi. Tailizi ya hivyo ukiikata inapasuka au inabanduka, na hata isipopasuka maji yakiingia chini yake yanatembea mpaka huko mbali. Hizo tu ndo zing'olewe zipigwe upya na gundi ya tailizi iliyotandazwa yote, tena gundi iachwe ikauke siku moja kabla ya kukata. Hapo fundi wako wa kwanza ana ukweli kidogo, lakini ni tailizi mbili tatu, si kaunta nzima. Kama zote zinalia debe basi sawa, msikilize.

Halafu kupima. Boksi la sinki huwa lina karatasi ya kuchorea tundu, usiitupe. Masinki mengi ya 100 kwa 50 yanataka tundu la 98 kwa 48, yaani ukingo unakalia sentimita 1 tu kila upande, ndogo sana hiyo, ndo maana hakuna nafasi ya kukosea. Kama karatasi hakuna, lilaze sinki kichwa chini juu ya kaunta, chora mzunguko wake na penseli, halafu ingia ndani sentimita 1 na uchore mstari wa pili, huo wa pili ndo wa kukata. Ukikata ule wa kwanza sinki linatumbukia lote na hapo hamna dawa.

Kaunta ya sentimita 60 na sinki la 50 inakuachia 10 za kugawana mbele na nyuma. Mi naacha 6 mbele na 4 nyuma. Kabla ya kukubali hizo namba angalia mistari ya grauti iko wapi. Ukingo wa sinki usije ukaangukia juu ya mstari wa grauti unaokwenda sambamba nao, yaani ukingo wa mbele wote umekalia grauti, hapo silikoni yako itakuwa imeshika grauti badala ya kushika tailizi na grauti ndo hiyohiyo inayonyonya. Sogeza sinki sentimita 1 au 2 kushoto au kulia, mbele au nyuma, mpaka ukingo ukae juu ya nyama ya tailizi. Na usiache kipande chembamba cha tailizi kati ya tundu na grauti, kikiwa chini ya sentimita 2 kitavunjika wakati wa kukata.

Sasa kitu ambacho mafundi wote wawili hawakukutajia, zege. Kaunta yako nadhani ni slabu ya inchi 3, imelala juu ya vijikuta vya tofali. Ukitoa kipande cha 98 kwa 48 kwenye slabu hiyo umetoa kilo 80 na kitu za zege, na mbele kinabaki kikanda cha sentimita 7 ndo kinachobeba kila kitu, mtu akikiegemea, mtoto akikikalia, kinakatika. Kwa hiyo chungulia chini uone vijikuta viko wapi. Kama sinki linaangukia katikati ya vijikuta vilivyoachana sana, kwanza weka nguzo za kuegesha chini, pande zote mbili za tundu na katikati, hiyo ya katikati inazuia kile kipande cha kilo 80 kisimwangukie fundi miguuni, halafu baada ya kukata weka chuma cha engo (chuma chenye umbo la L) cha milimita 40 kwa 40 chini ya kile kikanda cha mbele, kikae juu ya vijikuta huku na huku, kipigwe rangi ya kuzuia kutu kabla. Fundi akikwambia haina haja muulize nondo ya mbele ipo sentimita ngapi kutoka ukingoni. Akiwa hajui, weka engo.

Kukata kwenyewe. Diski iwe ya almasi, ile ya kukatia tailizi isiyo na meno, diski za kukatia chuma au tofali zinamega tailizi. Bandika tepu ya karatasi juu ya mstari wote, chora tena mstari juu ya tepu, inasaidia tailizi isimegeke na unauona mstari hata vumbi likijaa. Kwenye kona nne toboa kwanza, tundu la milimita 10 hivi, ndani ya kona, na drili isiyowashwa nyundo mpaka tailizi ipite. Kona ya mraba iliyokatwa na grenda peke yake inaanzisha ufa unaokimbia mpaka mwisho wa tailizi, tena mara nyingine hauuoni siku hiyo, unatokea baadaye ukiwa umeshasahau. Tundu la duara linausimamisha.

Pitisha diski mara ya kwanza kwa kina kidogo tu, kama milimita 2 au 3, ukizunguka mstari wote, ndo urudi kuingia ndani. Usiikandamize, iache ijikate. Grenda ndogo ya inchi 4 na nusu inaingia kama sentimita 3, haimalizi slabu, hapo unachukua kubwa ya inchi 9, nayo inaingia kama sentimita 6 tu, kinachobaki unakimalizia kwa kutoboa matundu mengi yaliyofuatana na drili ya nyundo kwa kutokea chini. Grenda kubwa ina tabia ya kuruka ikibanwa, aishike mtu anayeijua. Na kwenye kona diski ni ya duara, ukitaka chini kufike kwenye kona ni lazima juu upitilize mstari, usifanye hivyo, kona malizia na tindo kwa kutokea chini. Tindo kwa juu kwenye tailizi ni marufuku. Kile kipande cha katikati kigaweni kwenye vipande vinne kwanza, mvitoe kimojakimoja.

Vumbi la zege na tailizi ni baya kwa mapafu, lina silika, si vumbi la kujifunika na kanga. Barakoa ya vumbi inayobana, miwani, na watoto watoke nje. Kumwagia maji kwenye grenda ya umeme ili vumbi lipungue nimeona watu wakifanya, sitaki ulifanye, ile mashine haikutengenezwa kuguswa na maji. Kata kwa vipindi vifupi, diski ipoe.

Na sinki lisiwepo jikoni wakati huo. Grenda ikikutana na nondo inarusha chembe za chuma, zikitua kwenye stenlesi na unyevu ukaja zinaota kutu, unaanza kusema umeuziwa sinki bandia kumbe kutu ni ya nondo. Liwe chumba kingine, limefunikwa.

Tundu likishatoka lisafishe vumbi lote na brashi na kitambaa chenye maji kidogo, acha likauke. Zile nondo zilizokatwa zinazochungulia pembeni zipake epoksi au rangi ya kutu, nondo ikiota kutu inavimba, inapasua zege na kuinua tailizi za juu yake. Kuta za tundu zote zipake simenti ya kuzuia maji, mara mbili. Ni kazi ya nusu saa na mafundi wengi hawaigusi kwa sababu haionekani.

Sasa tunarudi kwenye ile mifereji. Weka sinki pakavu bila gundi, chora ukingo wake na penseli, litoe. Kwenye ile sentimita 1 kati ya mstari wa penseli na tundu, kila mahali pana mstari wa grauti, pafute vumbi halafu jaza mpaka iwe sawasawa na uso wa tailizi. Bora zaidi ni grauti ya epoksi, ile ya vikopo viwili unachanganya, hainyonyi maji. Ukiikosa jaza silikoni, ilaze na kisu cha plastiki iwe bapa, acha ikauke mpaka kesho. Jaza na kipande kidogo nje ya mstari wa penseli pia. Baada ya hapo lirudishe sinki pakavu tena, ligonge kwenye kona, kama linacheza maana yake kuna tailizi imepanda kuliko mwenzake, ipunguze kidogo na diski ya kusagia hapo chini ya ukingo, au kubali kuweka silikoni nene upande wa pili. Usilivute sinki kwa klipu mpaka liguse, stenlesi nyembamba inapinda na haitanyooka tena.

Kwenye boksi utakuta utepe wa sponji wa kubandika chini ya ukingo. Kwenye kaunta ya granaiti au bodi laini unafanya kazi, kwenye tailizi unapita juu ya mifereji bila kuijaza. Uache, tumia silikoni.

Silikoni iwe ya jikoni na bafuni, yenye dawa ya ukungu, na kama dukani wanayo chukua ile isiyonukia siki, inayonuka siki haipendani na zege wala marumaru. Na ndo tunafika kwa simenti nyeupe. Stenlesi ikipata joto inatanuka. Urefu wa mita 1 ukipanda nyuzi 50, ukimwaga sufuria la maji yaliyochemka kwa mfano, unaongezeka kama milimita 0.8, na tailizi hapo pembeni haifiki hata nusu ya hapo. Kila siku sinki linasogea na kurudi. Simenti haivutiki, inakatika kwenye ule mshono, ufa mwembamba kama unywele, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Tena inashika uchafu inakuwa nyeusi. Silikoni inavutika na kurudi. Hamna sababu nyingine ngumu zaidi ya hiyo.

Kabla hujalishusha, lifunge vitu vyake likiwa limelala kwenye blanketi, koki na westi (kile kitundu cha kutolea maji chini ya bakuli), kwa sababu ukishaliweka utakuwa umelala chali kabatini unatafuta nati gizani. Tundu la koki ni milimita 35 mara nyingi. Toa na ile nailoni ya kulinda stenlesi sehemu ya ukingo, silikoni ikishika nailoni haijashika sinki. Futa ukingo na tailizi kwa spiriti. Zungusha silikoni mstari mmoja usiokatika, unene wa kama milimita 6, karibu na ukingo wa tundu, na kwenye makutano ya grauti ongeza tone. Shusheni sinki wawili, moja kwa moja, bila kuliburuta. Ikitoka silikoni kidogo kuzunguka kote ndo dalili nzuri, pasipotoka pana pengo.

Klipu zinazokuja na sinki zimetengenezwa kwa bodi ya sentimita 3 au 4, slabu yako na tailizi inakaribia 9, hazitafika chini. Mafundi wanazitupa. Mi nachonga vishimo ndani ya kuta za tundu na grenda ndogo, kama sentimita 3 na nusu chini ya uso wa tailizi, sehemu ambazo klipu zinaangukia, meno ya klipu yanaingia humo. Zikishindikana, silikoni peke yake na ndoo mbili za maji ndani ya bakuli mpaka kesho yake zinatosha, zege halitikisiki kama mbao. Mshono wa nje pitisha kidole kilicholowa maji ya sabuni mara moja tu, usiurudierudie. Silikoni inakauka milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo ile habari ya kuosha vyombo jioni hapana, subiri saa 24 na zaidi kidogo kama ni kipindi cha baridi.

Mabomba nayasema haraka. Bomba la maji machafu liwe la inchi moja na nusu, lishuke sentimita 2 hadi 2 na nusu kwa kila mita, trapu (kile kipande cha bomba chini ya sinki kinachobaki na maji) iwe ya P, yaani bomba lililopinda, badala ya ile ya chupa, ya chupa inajaa mafuta na punje za wali. Trapu isikosekane hata kama maji yanakwenda nje tu, yale maji yanayobaki ndani yake ndo yanazuia harufu na mende wa chemba. Nati za plastiki kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Weka koki ya kufungia chini ya sinki, ya moto na ya baridi.

Na kwa kuwa uko Kigamboni na visima vingi huko vina chumvi, angalia sinki lako kama limeandikwa 304, hiyo ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, inavumilia. Yoyote uliyonayo, usiache maji ya chumvi yakaukie ndani usiku kucha, na usiruhusu fundi tailizi aoshe kaunta kwa ile asidi ya kutolea simenti sinki likiwa limeshakaa. Ni hidrokloriki, inatoboa stenlesi vidoti vidogo ambavyo havitoki. Aoshe kabla.

Siku ya kujaribu ziba westi, jaza bakuli lote, iache kama saa moja, fungulia yote kwa pamoja huku umeshika tishu kavu kwenye kila nati chini. Halafu fanya lile jaribio la kikombe kuzunguka ukingo wote, hasa nyuma pale kwenye makutano ya grauti, na ulale. Asubuhi pitisha mkono kwenye kuta za tundu kwa chini, pakiwa pakavu ndo umpigie seremala aje kupima makabati. Akija mapema kabla ya hapo mrudishe.